Maada ya Giza na Watafutao Chini ya Milima: Somo Pamoja na Sahihisho la Kosa Letu



Somo letu la leo lina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni ilimu: twataka kueleza habari ya kitu ambacho wataalamu wamekiita maada ya giza, na namna wanavyokitafuta katika mahandaki na machimbo yaliyo chini kabisa ya ardhi. La pili ni deni. Mwaka 2020 tulisema mbele ya watu, katika darasa letu la baada ya Isha, kwamba kitu hicho kimekwisha kuonekana. Hakikuonekana. Tuliyasema hayo kwa haraka, tukitegemea ukurasa mmoja wa gazeti, wala hatukurudi kuuliza. Na neno lililosemwa mbele ya watu halisahihishwi kwa kunong'onezana pembeni; husahihishwa mbele ya watu vile vile.

Aliyetukumbusha deni hilo ni kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu. Alitujia baada ya darasa, akakaa kwa adabu, akasema: "Maalim, wewe ulitwambia imeonekana. Nami nilisimama skuli nikashindana na mwalimu wangu kwa neno lako. Aliniuliza imeonekana wapi, na nani, nami sikuwa na jibu. Wenzangu wakanicheka." Hakutulaumu zaidi ya hayo, na haikuwa lazima. Kijana huyo alibeba mzigo wetu, akauangukia mbele ya wenziwe, na sisi tuliokuwa tumemtwika tumekaa majumbani mwetu. Basi tumesoma upya jambo hili tangu mwanzo wake, na haya ndiyo tuliyoyapata.

I. JINA NA MAANA YAKE

Maada ni kila kitu chenye uzito na chenye kuchukua nafasi: jiwe, maji, hewa, mwili wa mtu, jua na nyota. Na neno "giza" hapa halina maana ya uovu, wala ya weusi kama wa makaa. Kitu cheusi huonekana kwa kuziba nuru iliyo nyuma yake. Kitu hiki hakizibi nuru, hakitoi nuru, wala hakirudishi nuru; nuru yapita kati yake kama kwamba hapana kitu. Pengine ingalikuwa bora kukiita maada isiyoonekana, lakini jina limekwisha kuenea nasi twalifuata.

Ikiwa hakionekani, wataalamu wamejuaje kwamba kipo? Wamejua kwa mvuto wake. Kila chenye uzito huvuta chenziwe, na mvuto haufichiki. Mvuvi aonapo ngalawa yake yasogea na upepo umelala, hauoni mkondo kwa macho, lakini hashuku kwamba upo, ngalawa yamwambia. Na hivi ndivyo nyota zilivyowaambia wataalamu.

II. DALILI ZILIZOWAFANYA WAAMINI

Wa kwanza tutakayemtaja ni Fritz Zwicky, mtu wa Uswisi aliyefanya kazi California, Marekani. Mwaka 1933 alitazama kundi kubwa la galaksi liitwalo Coma. Galaksi ni mkusanyiko wa mamilioni elfu ya nyota. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi yetu, na ule utepe mweupe tuuonao mbinguni usiku wa kiza ndiyo galaksi hiyo tukiwa ndani yake. Zwicky akaona kwamba galaksi za Coma zaenda mbio kupita kiasi. Uzito wa nyota zionekanazo haukutosha kuzizuia pamoja. Zingalipaswa kutawanyika zamani. Akasema kwamba lazima mna uzito mwingine usioonekana. Kwa miaka mingi wachache walimjali.

Kisha akaja Vera Rubin, mwanamke wa Kimarekani, pamoja na mwenziwe Kent Ford. Wao waliitazama galaksi ya Andromeda, iliyo jirani yetu. Na hapa wasomaji wetu wapate kujua jambo la fahari: miongoni mwa walioiandika Andromeda wa kwanza tuwajuao ni Abdulrahman As-Sufi, mtaalamu wa falaki wa Isfahan, ambaye yapata mwaka 964 aliitaja katika kitabu chake cha nyota kuwa ni wingu dogo. Wingu lile lile aliloliona As-Sufi kwa jicho tupu, Rubin na Ford walilipima kwa darubini, na mwaka 1970 wakatoa matokeo yao.

Walipima nini? Walipima mwendo wa nyota na gesi zinavyoizunguka Andromeda. Tujuavyo ni kwamba kilicho karibu na kivutacho huenda mbio, na kilicho mbali huenda polepole. Sayari ya Zebaki, iliyo karibu na jua, huenda kilomita 47 kwa kila nukta. Neptuni, iliyo mbali sana, huenda kilomita 5 na kitu tu. Rubin alitaraji kuona hali hiyo hiyo katika Andromeda. Hakuiona. Vilivyo mbali na kati vilikwenda mbio takriban sawa na vilivyo ndani zaidi. Wakapima galaksi nyingine nyingi, na zote zikatoa ushahidi mmoja: ziko ndani ya uzito mkubwa uliozizunguka, nao hauonekani.

Dalili ya tatu ni nuru kupinda. Nuru ya galaksi iliyo mbali ikipita karibu na uzito mkubwa hupinda njia yake, kama nuru ipitavyo katika tako la gilasi. Wataalamu hupima kupinda huko, wakajua uzito uliopo, nao kila mara wamekuta ni mwingi kuliko wa nyota na gesi zionekanazo.

Wakizikusanya dalili hizi na nyinginezo, hesabu yao ni hii. Tuseme ulimwengu wote ni shilingi 100. Vitu vyote tuvijuavyo, ardhi na bahari na nyota zote, ni kama shilingi 5. Maada ya giza ni kama shilingi 27. Na shilingi 68 zilizobaki ni jambo jingine waliitalo nishati ya giza, ambalo si maudhui yetu leo.

Walakin insafu yatulazimu kusema kwamba si wote waliokubali. Mwaka 1983 mtaalamu mmoja, Mordehai Milgrom, alisema huenda hapana maada yoyote iliyofichika, bali kanuni yetu ya mvuto ndiyo isiyotimia katika masafa makubwa. Walio wengi hawakumfuata, kwa kuwa rai yake yashindwa kueleza baadhi ya mambo, hasa katika makundi ya galaksi. Lakini rai hiyo ingali na watetezi wake.

Basi ni lazima kupambanua kati ya mambo mawili. Kuona nyayo mchangani ni dalili ya mtu kupita. Kumshika mtu mwenyewe ni jambo jingine. Yote tuliyoyataja mpaka hapa ni nyayo. Wale walio chini ya milima watafuta kumshika mwenye nyayo.

III. KWA NINI CHINI YA ARDHI?

Dhana iliyoshikwa na wengi ni kwamba maada ya giza ni chembe ndogo mno, na kwamba zatupita sisi sote, usiku na mchana, zikapenya majumba yetu na miili yetu na dunia nzima bila kugusa kitu. Lakini huenda mara moja moja, kwa nadra kubwa, chembe moja ikagonga kiini cha atomu. Mwaka 1985 Mark Goodman na Edward Witten walieleza kwamba mgongano huo waweza kupimika, mtu akiwa na chombo chepesi cha kutosha kuuhisi. Miaka miwili baadaye yakatoka matokeo ya jaribio la kwanza, lililofanywa katika machimbo ya dhahabu ya Homestake, South Dakota, Marekani.

Kwa nini machimboni? Kwa sababu juu ya ardhi pana kelele. Hatusemi kelele za sauti, bali za chembe. Kutoka mbinguni yatumiminikia mvua ya chembe zitokanazo na miale ya angani. Kiganja cha mkono wako, ukikinyoosha hivi sasa, hupitwa na chembe moja au zaidi kila nukta. Mwenye kutafuta mgongano mmoja kwa mwaka atausikiaje katikati ya mvua hiyo? Ni kama mtu atakaye kusikia tone la maji likianguka mtungini, naye amekaa sokoni siku ya mkesha wa Idi.

Basi wakajificha chini ya miamba. Mahali mashuhuri ni Gran Sasso, katika milima ya Italia ya kati, karibu na mji wa L'Aquila. Serikali ya huko ilipokuwa ikitoboa mlima kupitisha barabara ya magari, wataalamu walipendekeza vyumba vichimbwe kando ya handaki, na kazi ikakamilika mwaka 1987. Vyumba vikubwa ni vitatu, kila kimoja kina urefu wa mita 100 hivi, na juu yake pana mwamba wa mita 1,400. Mwamba huo hupunguza mvua ya angani mara milioni moja.

Wengine wamefanya vivyo hivyo. Wakanada wako katika machimbo ya nikeli karibu na Sudbury, kiasi cha kilomita mbili chini. Wachina wako Jinping, mkoa wa Sichuan, chini ya mwamba wa kiasi cha mita 2,400. Waingereza wako Boulby, katika machimbo yenye chumvi na potashi. Nayo machimbo ya Homestake, yaliyofungwa kwa dhahabu mwaka 2002, yamegeuzwa kuwa maabara.

Lakini hata huko chini kelele haikwisha. Mwamba wenyewe hutoa mionzi, na chuma, na vumbi. Hata mwili wa binadamu una mionzi kidogo kwa potasiamu iliyo ndani yake. Kwa hiyo kila msumari hupimwa kabla ya kuingizwa. Hutumia risasi kuzuia mionzi, lakini risasi mpya nayo ina mionzi yake, ambayo hupungua nusu kila miaka 22 hivi. Kwa sababu hii risasi kongwe ina thamani kubwa. Mwaka 2010 watu wa Gran Sasso walipewa matofali 120 ya risasi yaliyotolewa baharini karibu na Sardinia, katika jahazi la Kirumi lililozama zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Risasi hiyo ilitumiwa katika jaribio jingine la mlima huo huo, si hili la maada ya giza. Twaitaja ili msomaji aone kiasi cha uangalifu wa watu hawa. Nayo maandishi ya mafundi wa Kirumi yaliyokuwa juu ya matofali yalikatwa kwanza yakahifadhiwa, yasiyeyuke pamoja na risasi.

IV. CHOMBO CHENYEWE

Katika Gran Sasso pana kundi la wataalamu wa nchi nyingi, wakiongozwa na Elena Aprile wa chuo kikuu cha Columbia, Marekani. Chombo chao hujazwa zenoni, nayo ni gesi iliyomo katika hewa tuivutayo kwa kiasi kidogo mno. Wao huipoza mpaka karibu digrii 100 chini ya sufuri, ikawa maji maji mazito, karibu mara tatu ya uzito wa maji ya kunywa. Wakaanza na kilo chache, wakaenda wakikuza. Chombo chao cha sasa kina karibu tani sita za zenoni zitazamwazo, ndani ya tangi lenye tani 700 za maji safi ya kuzuia mionzi.

Chembe ikigonga atomu ya zenoni, hutokea mmweko mdogo wa nuru, na juu na chini ya pipa mna macho ya umeme mia kadhaa yaliyowekwa kuutazama. Kisha elektroni zilizobanduka kwa mgongano huvutwa juu kwa nguvu ya umeme, na zikifika kwenye gesi iliyo juu ya maji maji hutoa mmweko wa pili. Kwa muda ulio kati ya mmweko wa kwanza na wa pili hujua mgongano ulitokea kina gani. Na kwa kulinganisha mimweko miwili hujua kilichogongwa ni kiini cha atomu, kama itarajiwavyo kwa maada ya giza, au ni elektroni zake, kama ifanyavyo mionzi ya kawaida. Yaliyotokea pembeni huyaacha, kwa kuwa pembeni ndipo mionzi ya nje iingiapo. Huitazama ile sehemu ya kati tu, iliyolindwa na zenoni yenyewe.

V. YALIYOTOKEA MWAKA 2020, NA KOSA LETU

Sasa tumefika kwenye deni letu. Mwezi wa Juni 2020 kundi la Bi Aprile lilitangaza hesabu ya chombo chao cha wakati huo. Katika migongano ya elektroni, kwenye nguvu ndogo ndogo, walitaraji kuona matukio 232 yatokanayo na mionzi ya kawaida. Wakaona 285. Palikuwa na ziada ya matukio 53.

Wao walisema nini? Tumerudi kuyasoma maneno yao, nayo ni maneno ya watu waangalifu. Hawakusema, "Tumeiona maada ya giza." Walisema: tumeona ziada, huenda ni chembe ngeni zitokazo juani ziitwazo aksioni, huenda ni tabia ya nyutrino tusiyoijua, na huenda ni tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, iliyoingia chomboni kwa kiasi kidogo hata hatuwezi kuipima, nasi tutajenga chombo kikubwa zaidi ili tujue.

Nasi tulisema nini? Tulisoma kichwa cha habari, tukapanda mimbari ya darasa tukasema, "Wameiona." Tuliwazulia madai wasiyodai. Kosa letu lilikuwa na sehemu tatu, nasi twazitaja ili kila mwenye kufundisha ajiangalie. Kwanza, hatukumsoma msemaji mwenyewe, tulimsoma aliyemsimulia. Pili, tulichukua "huenda" tukaifanya "ndivyo". Tatu, na hili ndilo lililo zito zaidi kwetu, tulifurahia kuwa wa kwanza kulisema mjini.

Wao walitimiza ahadi yao. Walijenga chombo kikubwa zaidi, wakaisafisha zenoni, wakapunguza kelele mpaka ikawa kiasi cha khumsi ya ile ya kwanza. Mwezi wa Julai 2022 wakatoa hesabu mpya: ziada haipo. Chombo kilichokuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuiona hakikuiona. Wakayasema hayo wazi wazi, kwa majina yao wenyewe, kama walivyoitangaza ziada. Na sisi, tulioyasema ya kwanza kwa sauti kubwa, hatukuyasema ya pili hata kwa sauti ndogo. Baina yao na sisi, nani aliyekuwa na uaminifu zaidi katika jambo hili? Jibu latuuma, lakini hatuwezi kulikwepa.

VI. DAI LA ROMA, NA KANUNI YA MDAI

Katika mlima huo huo wa Gran Sasso pana habari nyingine, yenye mafunzo makubwa kuliko yetu. Kundi jingine, liitwalo DAMA, likiongozwa na Rita Bernabei wa Roma, lilitumia njia nyingine: fuwele za chumvi ya sodiamu na iodini, ambazo hutoa nuru zikigongwa.

Hoja yao ni hii, nasi watu wa pwani twaweza kuifahamu upesi. Jua letu, pamoja na sayari zake, huzunguka ndani ya galaksi kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 230 kwa nukta. Ikiwa galaksi imejaa maada ya giza, basi sisi ni kama chombo kinachokwenda baharini siku ambayo hapana upepo: aliye ndani huhisi upepo usoni kwa sababu ya mwendo wake mwenyewe. Tena dunia hulizunguka jua kwa kilomita 30 kwa nukta. Nusu ya mwaka mwendo wake huongeza ule wa jua, na nusu hupunguza. Basi migongano yapasa kuzidi kila mwaka mwanzoni mwa Juni, wakati kusi imekaza kwetu, na kupungua kila Disemba, wakati wa kaskazi.

DAMA wakatangaza katika miaka ya 1990 kwamba wameona mpando na mshuko huo huo. Wakaongeza fuwele mpaka kilo 250 hivi, wakapima mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka Juni ikapanda na Disemba ikashuka. Kwa zaidi ya miaka ishirini walishikilia kwamba wamemshika mwenye nyayo.

Walakin vyombo vingine, vya zenoni na vya germaniamu, havikuona kitu. DAMA wakajibu: vyombo vyenu si kama vyetu; huenda chembe hii yagonga sodiamu au iodini kwa namna isiyogonga zenoni. Jibu hilo halikuwa la kudharauliwa. Na kwa kuwa misimu hubadilisha mambo mengi, kama joto na unyevu na hata idadi ya chembe za angani zinazopenya milima, wengine walishuku kwamba huenda ni msimu tu ndio uliopanda na kushuka. Lakini shaka si hukumu.

Kanuni ya hukumu yajulikana na kila aliyewahi kusimama mbele ya kadhi: ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Na shahidi mmoja, hata akirudia maneno yake mara ishirini, angali shahidi mmoja. Palihitajika shahidi wa pili, mwenye mizani ile ile.

Basi wakasimama mashahidi wawili. Mmoja yuko Uhispania, katika maabara ya Canfranc chini ya milima ya Pyrenees, kwa jina la ANAIS. Akatumia kilo 112 za fuwele zile zile za sodiamu na iodini, kuanzia mwaka 2017. Wa pili yuko Korea ya Kusini, Yangyang, kwa jina la COSINE. Akatumia kilo 106, kuanzia mwaka 2016 hata 2023. Hapo hapakubaki tena hoja kwamba vyombo si sawa. Mwaka 2025 kila mmoja wao alitoa hesabu ya miaka yake sita. Ule mpando na mshuko wa DAMA hawakuuona. Wakorea walionyesha pia kwamba njia ya kutoa wastani wa kila mwaka katika hesabu yaweza peke yake kuzaa mpando na mshuko wa bandia, ingawa huo wa bandia haukulingana sawasawa na ule wa DAMA. Kwa hiyo sababu ya waliyoyaona DAMA bado haijafahamika, lakini dai lao limedhoofika sana.

Hatusemi kwamba DAMA walisema uwongo. Mtu aweza kuona kitu kwa ukweli, akakosea katika kukipa jina. Tusemacho ni kwamba dai zito halikubaliwi kwa kuwa mwenyewe ana yakini, wala kwa kuwa amelikariri muda mrefu. Hukubaliwa likishuhudiwa na asiyekuwa yeye.

VII. HALI ILIVYO SASA

Chombo kilichokwenda mbali miongoni mwa vingine ni kile cha Homestake, kiitwacho LZ, kilicho karibu mita 1,500 chini ya ardhi, chenye tani 7 za zenoni zitazamwazo. Mwezi wa Agosti 2024 walitangaza hesabu ya siku 280 za kutazama: hakuna maada ya giza iliyoonekana. Wa Gran Sasso na wa Jinping nao hawakuiona.

Je, kazi yote hiyo ni bure? Hapana. Mwenye kupoteza pete nyumbani, akakitafuta chumba kimoja kwa taa nzuri mpaka pembe zake zote, hajapata pete, lakini amepata ilimu: haimo chumbani humo. Kila chombo kipya kimefunga mlango wa chumba kimoja, na chembe za namna nyingi walizozidhania zimekwisha kukanushwa. Tena katika kutafuta hupata wasilolitafuta. Mwaka 2019 kundi la Gran Sasso lilitangaza kwamba limeshuhudia kuoza kwa namna ya zenoni ambayo nusu yake huchukua muda mrefu kuliko umri wa ulimwengu mara zaidi ya milioni milioni. Na mwaka 2024 chombo hicho na kile cha Jinping viliona dalili za mwanzo za nyutrino za jua zikigonga viini vya zenoni. Hiyo ni furaha, na ni tahadhari pia. Maana nyutrino zitafanana na kitafutwacho, na vyombo vikizidi kuwa vyepesi zitawatatiza kama ukungu umtatizavyo nahodha.

VIII. MASUALA TULIYOULIZWA

Mzee mmoja alituuliza: "Shekhe, hivyo visivyoonekana si majini hao?" Twajibu kwa heshima: la. Hapana hata mtaalamu mmoja aliyepima kitu chenye akili wala hiari. Kilichopimwa ni uzito unaovuta nyota, kama uvutavyo uzito wa jiwe. Si kila kisichoonekana ni kitu kimoja. Hewa nayo haionekani. Na asiyejua jambo, kujaza pengo la ujinga wake kwa jambo jingine asilolijua hakumzidishii ujuzi.

Mwingine aliuliza: "Na ikiwa hawataipata kamwe?" Twajibu: huenda maada hiyo si chembe ya namna waidhaniayo, huenda ni nyepesi mno, na wako waitafutao kwa njia nyingine kabisa, na huenda Milgrom akatokea kuwa na sehemu ya haki. Nyayo zipo, hizo hazina shaka. Mwenye nyayo hajulikani. Hayo ndiyo yatakayosemwa leo na mwenye insafu, bila kuzidisha.

KHATIMA

Kijana wetu tumemwita tena darasani, tukamweleza haya mbele ya wale wale waliosikia kosa letu, tukamwomba radhi. Alipoulizwa na mwenziwe, "Sasa imeonekana au haikuonekana?" alijibu mwenyewe: "Dalili zake zimeonekana, yenyewe haijaonekana, na waliodhani wameiona wamepimwa wakakutwa peke yao." Hatukuwa na la kuongeza.

Twawaomba wasomaji wetu jambo moja. Kila aliyesikia kwetu mwaka 2020 kwamba maada ya giza imeonekana, naye akamwambia mwingine, amrudie huyo amwambie kwamba tulikosea. Kosa lilitoka kwetu likapita kutoka baraza hadi baraza. Na sahihisho lake halina njia nyingine ya kufika huko ila miguu ile ile.